Asili Imefungwa, Matunda Yako Wapi?

Mchango wa seva, kompyuta inayobeba mtandao wa kikundi chetu, umepelea tena mwezi huu. Si habari kubwa. Umekuwa ukipelea tangu wanachama walipozoea kuwa na seva. Siku mtambo unapozimika watu hutuma pesa kabla hujamaliza kuomba radhi. Unapofanya kazi vizuri, husahau. Kwa hivyo fundi hodari ndiye anayekosa, na nimewahi kuwatania wenzangu kwamba dawa ni kuchomoa waya kila mwisho wa mwezi.

Tulianza mwishoni mwa 2022, Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44 na watu wakaanza kuulizana wahamie wapi. Sisi tulikuwa kikundi cha WhatsApp tu: walimu, watunzi wa mashairi, mpiga picha wa harusi, ustadhi mmoja, na wanafunzi wa chuo cha Tudor waliokuja kwa ajili ya mashairi wakabaki kwa ajili ya ubishi. Tulitaka mahali petu, pasipo matangazo ya kamari kati ya ubeti na ubeti. Tukaweka Mastodon.

Kwa asiyeijua, Mastodon ni programu ya mtandao wa kijamii, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2016 na Eugen Rochko. Haina mahali pamoja ambapo ujumbe wote wa dunia hupitia. Kila kundi huweka seva yake na kujitungia kanuni zake, na seva huzungumza baina yao kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, liliipitisha Januari 2018. Barua pepe ndivyo zilivyo tangu zamani: mwenye Gmail humwandikia mwenye Yahoo na hakuna anayeshangaa. La kushangaza ni hili tulilolizoea, kwamba lazima sote tujiandikishe kwa mwenyewe mmoja ndipo tuweze kusalimiana.

Faida tuliiona mapema. Mastodon ikitoka kiwandani haikubali chapisho linalozidi herufi 500, na shairi la tarbia lenye beti kumi halienei hapo hata ulikunje vipi. Lakini msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, na kikomo hicho ni namba iliyoandikwa mahali fulani. Ukiibadilisha, kwisha. Siku ile watunzi wetu walipopakia utenzi mzima bila kukatwakatwa, sikuhitaji tena kumweleza mtu programu huria ni nini.

Swali lililonishinda lilitoka kwa mwalimu mstaafu ambaye sote twamwita mama, kwa umri wake na kwa kuwa amesomesha nusu ya kikundi. Aliniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii programu si mwasema ni ya bure? Basi mchango wa nini?"

Nikamjibu, "Programu ni ya bure, mama. Stima si ya bure."

Akatuma mia tano. Ila jibu langu lilikuwa nusu jibu, kwa sababu stima ndiyo ndogo kuliko zote. Kompyuta yetu ni ya mtumba, ndogo kama kamusi, inakula wati 10 hivi. Wati 10, saa 24, siku 30: uniti 7 na vichenje. Tokeni hizo hata mwanafunzi atazimudu.

Kinachogharimu ni kuitunza mahali kama hapa. Mombasa haipendi chuma. Chumvi ya bahari huingia kwenye matundu ya waya, na kontakti zilizong'aa wakati wa kaskazi hugeuka kijani kufikia masika. Joto hufanya feni izunguke mchana kutwa, nayo feni hufyonza vumbi na unyevu pamoja hadi mapezi yake yanavaa koti. Sisimizi hupenda soketi zenye joto. Adui mkubwa kuliko wote ni mjusi kafiri, ambaye hujipenyeza ndani ya inveta kutafuta wadudu, akagusa nyaya mbili kwa mpigo, akafa yeye na inveta pia. Nimeziba matundu kwa wavu wa dirisha, na kila nikisafisha naukuta mkia wa mjusi mahali fulani. Vitabu vya kufundisha kazi hii vimeandikwa na watu wanaohangaika na vumbi la zulia.

Na stima nayo huja na kwenda. Kukatika si tabu, betri ipo. Tabu ni kule kurudi kwake, inaporudi kwa kishindo, ikapotea, ikarudi tena ndani ya dakika moja. Diski ikikutwa katikati ya kuandika hifadhidata, hapo ndipo utajua kama bekapu zako ni za kweli au ni za kujifariji. Zetu ziko kwenye diski mbili, moja ikiwa bara, nyumbani kwa mwanachama wa Voi ambako angalau chuma hakili chumvi.

Halafu kuna anwani. Rauta ya nyumbani haina anwani yake ya umma, ile namba ambayo mashine nyingine huitumia kuifikia. Zile za mtindo wa zamani, IPv4, zimekwisha duniani. AFRINIC, shirika lililoko Mauritius linaloigawia Afrika anwani, liliingia hatua yake ya mwisho ya kugawa kwa kubana mwaka 2020. Kampuni za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hivyo wewe waweza kuanzisha mawasiliano na dunia, lakini dunia haiwezi kuanzisha na wewe. Niliwahi kupigia kampuni moja kuulizia anwani ya kudumu. Kijana wa huduma akanihakikishia kwamba anwani yangu ni ya kudumu kwa sababu wameiandika kwenye fomu: nyuma ya msikiti, ghorofa ya pili.

Dawa ni kukodi seva ndogo penye anwani, kisha kuiunganisha na ile ya nyumbani kwa njia iliyofungwa, sisi twatumia WireGuard. Za bei rahisi ziko Ujerumani na Ufini. Lakini hebu fikiria: nyaya kuu za intaneti za eneo hili hutua hapa hapa Mombasa. SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Tukikodi Ulaya, salamu ya mtu wa Kisauni kwa jirani yake wa Kisauni itatumbukia baharini, ifike Ujerumani, igeuze, irudi. Tukakodi Nairobi, kwa bei ya juu, na mpaka leo kuna wanachama wanaonilaumu kwa uamuzi huo kila mchango unapopelea.

Mimi siujutii, na sababu ni ya kihistoria. Kabla ya karne hii barua pepe kutoka mteja wa kampuni moja ya Kenya kwenda kwa mteja wa nyingine ilitoka nje ya nchi kwa setilaiti ndipo irudi. Watoa huduma wakaungana kujenga kituo cha kubadilishana, KIXP, kikafunguliwa Nairobi Novemba 2000. Shirika la simu lililokuwa na ukiritimba wakati huo likalalamika, na ndani ya wiki mbili msimamizi wa mawasiliano akaagiza kifungwe. Kilifunguliwa upya Februari 2002, baada ya kesi na vikao. Kwa mwaka mmoja na zaidi, Wakenya walikatazwa kuungana na Wakenya wenzao ndani ya Kenya. Baadaye Mombasa nayo ikapata kituo chake. Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika kwenye bahari ya Afrika Kusini na intaneti ikawa ya kubahatisha Afrika Mashariki nzima, seva yetu iliendelea kuwahudumia waliomo. Machapisho ya kwenda nje yalisimama foleni, mtambo ukijaribu tena na tena mpaka njia ikapatikana. Usiku ule mashairi ya kuibeza bahari yalikuwa mengi.

Basi hiyo ndiyo hesabu upande wetu: seva ya kukodi, jina la kikoa, diski za kubadilisha, inveta za kuzika. Na fundi. Fundi ni mimi, na kwa kuwa nina kazi nyingine sijawahi kujilipa. Mwanzoni niliona ni ungwana. Kadiri nilivyosoma habari za programu tunazozitegemea ndivyo nilivyoanza kuona ni hatari.

Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024, Wakristo wakiwa na Ijumaa Kuu na sisi Ramadhani imevuka nusu, ilitoka habari kwamba xz imetiwa mlango wa siri. Xz ni programu ya kubana mafaili, haina sura wala tangazo, nayo imo karibu katika kila kompyuta ya Linux. Aliyeitunza kwa miaka ni Lasse Collin wa Ufini, bila mshahara. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wasiojulikana wakimsukuma hadharani: mbona wachelewa, mbona humpi mwingine kazi. Akajibu kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri, na kwamba mradi wenyewe ni wa kujipendea, haulipwi. Alikuwepo mtu ajiitaye Jia Tan, mpole, mchapakazi, aliyekuwa ameanza kuleta marekebisho tangu 2021. Akapewa funguo. Mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na sumu ndani yake, ya kumwezesha mwenye ufunguo wa siri kuingia katika seva za watu kupitia ssh, njia ambayo mafundi huitumia kuingia katika mashine wakiwa mbali. Aliyeigundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa kuwa kuingia kwa ssh kwenye mashine yake kulichelewa nusu sekunde asiyoielewa, naye akakataa kuiacha.

Baada ya futari nikakagua yetu. Tulikuwa na toleo la zamani, salama.

Watu wa fani wamesifu sana ujanja wa msimbo ule. Kilichonikaa mimi ni kile kipindi cha kabla, mtu aliyechoka akitafuta wa kumpokea mzigo, na mpokeaji pekee aliyejitokeza akiwa mwizi. Wezi waliona kitu ambacho kampuni zote zilizokuwa zikitumia xz hazikukiona: kwamba kuna binadamu pale, na amechoka.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2014 ilipojulikana kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, ilibainika kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Baada ya aibu, kampuni kubwa zikachanga mamilioni kupitia Linux Foundation. Mwaka 2024 watafiti wa Shule ya Biashara ya Harvard walikadiria kwamba kama programu huria zisingekuwepo na kila kampuni ikabidi ijitengenezee au inunue, gharama ingefika dola trilioni 8.8, na kwamba takriban thamani yote hiyo hutoka kwa asilimia 5 tu ya waandishi wake. Wachache mno, na pesa huwafikia msiba ukishatokea. Ni mchango wetu wa seva kabisa, ila wao wana sifuri nyingi zaidi.

Ustadhi wa kikundi chetu ndiye aliyenifungua macho, naye hata hakukusudia. Tulikuwa tunabishana juu ya mchango, akasema: "Nyinyi mwaendesha kwa sadaka kitu cha wakfu."

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Mtu alijenga msikiti; mwenye kuona mbali alijenga na maduka ubavuni mwake. Kodi ya maduka ndiyo inayomlipa imamu na mwadhini, ikanunua taa, ikachimba kisima kipya cha zamani kikikauka. Asili hufungwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Matunda ndiyo yatumiwayo. Na husimamiwa na mutawali, ambaye ana haki ya kulipwa kutoka kwenye matunda hayo hayo, pasiwe na haja ya kuomba wala kulalamika. Serikali ya kikoloni ililikuta jambo hili likiendelea na kulitungia sheria. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ilitungwa 1951, na ofisi yao ikawa hapa Mombasa.

Nikitazama programu huria kwa jicho hilo naona nusu ya wakfu, iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Leseni zimeifunga asili. Mastodon iko chini ya AGPL: ichukue, ibadilishe, hata uuze huduma yake, lakini ukiwahudumia watu kwayo ni lazima uwape msimbo wako pia. Mwaka 2021 mtandao wa Truth Social, wa kampuni ya Donald Trump, ulipojengwa juu ya Mastodon bila kufanya hivyo, barua ya kisheria ikatumwa, na Novemba mwaka huo msimbo ukawekwa hadharani. Kufuli lilishika. Pale ambapo leseni ni legevu na kampuni moja ndiyo yenye kauli, asili hufunguliwa: Machi 2024 Redis, wenye programu ya hifadhidata, walibadilisha leseni yao ikawa ya kubana, na kwa siku chache tu wengine wakachukua msimbo wa kabla ya mabadiliko wakaanzisha Valkey. Mei 2025 Redis wenyewe wakarudi na AGPL.

Lakini maduka hayakujengwa. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, na wenzake walifikiri kwa kina sana jinsi ya kuzuia msikiti usiuzwe, wakamwachia mwadhini ajitafutie. Sehemu chache zimefanya nusu ya pili. Wikimedia Foundation walianzisha mfuko wa kudumu mwaka 2016, wakafikisha dola milioni 100 mwaka 2021, na lengo ni Wikipedia iweze kula matunda bila kugusa shina. Blender, programu ya kuchora picha na katuni za pande tatu, ni kisa kizuri ingawa si wakfu: kampuni yake ilipofungwa, Ton Roosendaal aliwaomba watu Euro 100,000 ili waukomboe msimbo kutoka kwa wawekezaji. Mwaka 2002 zikapatikana kwa wiki saba. Ukombozi ulikuwa wa mara moja. Ada za kila mwezi za kuwalipa waandishi zinaendelea hadi leo, na zikikoma, kazi itakoma.

Hapa nyumbani mfano ulio karibu ni hospitali. Kenya hupeleka takwimu zake za afya kwenye DHIS2, programu huria inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na tangu 2011 nchi nzima imekuwa ikiitumia mtandaoni. OpenMRS, ya rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR imejengwa juu yake, ikilelewa kwa sehemu kubwa na pesa za Marekani za kupambana na UKIMWI. Msimbo ni wa bure na ni wetu kama wa mwingine yeyote. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada, uhuru wa leseni haukumlipa mtu mshahara. Nimeona maafisa wakijisifu kwamba tumeokoa pesa za leseni. Ningependa kuuliza zile zilizookolewa ziliwekwa wapi, na kama sehemu yake ilimfikia yeyote anayeutunza mfumo.

Sisemi wakfu zetu ni pepo. Hakuna mtu wa Mji wa Kale asiyejua hadithi ya nyumba ya wakfu inayokodishwa kwa bei ya enzi za babu, au kiwanja kilichoyeyuka mikononi mwa msimamizi. Hata hivyo misikiti iliyo na maduka taa zinawaka, na iliyo na sanduku peke yake husoma majina ya wachangaji kila Ijumaa.

Basi tumejaribu letu. Wazo la kwanza, la kuweka akiba kwenye mfuko wa fedha ili tule faida, ustadhi alilikataa kabla halijamaliza kutamkwa: riba, na isitoshe madhehebu yetu ya Shafii hayakubali wakfu wa pesa taslimu. Nikauliza, na mashine je? Akasema kitu kinachohamishika chaweza, maadamu chatumika na chenyewe chabaki. Tukanunua mashine ya fotokopi, ya mtumba lakini nzito, tukaiweka katika duka la mwanachama karibu na chuo. Msimu wa mitihani hailali. Tumeandikiana mkataba: mashine haiuzwi ila kwa kununua nyingine ya kuishika nafasi, mwenye duka ana fungu lake, seva ina lake, fundi ana lake. Kisheria hiyo si wakfu iliyosajiliwa, na ustadhi hukumbusha hivyo kila tunapolitumia jina kwa kiburi. Inatosha kwa seva ya kukodi na diski. Miezi ya likizo haitoshi, ndiyo maana mchango bado upo, na ndiyo maana umepelea.

Kilichobaki ni mutawali wa pili. Nikiumwa leo hakuna ajuaye kuiamsha database ile stima ikirudi vibaya. Mwanafunzi mmoja wa kike, mkazi wa Kisauni, ana kichwa cha kazi hii kuliko mimi. Nilipomwomba aanze kushika zamu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza fungu la fundi wa pili ni shilingi ngapi na limeandikwa ukurasa gani. Nikamwambia bado. Akasema ataanza likishaandikwa. Kikao ni Jumamosi baada ya Alasiri, na ajenda ni hiyo tu.